Kifaru cha Machi 1979: shajara ya Type 59 katika skeli ya 1/35

Novemba 9

Boksi limefika. Limelala forodhani wiki mbili na nusu, gharama nimelipa, tuyaache hayo. Ndani yake kuna vipande vya plastiki vya kujengea Type 59 iliyopunguzwa mara 35, kifaru cha Kichina kilichonakiliwa kutoka T-54A ya Warusi. Cha kweli kina bodi ya mita 6 na kidogo, tani 36 na watu wanne ndani. Changu kitakuwa na bodi ya sentimita 17, na ukihesabu mtutu unaochomoza mbele kinakaribia 26. Kinaenea kwenye sinia la chai. Nalitaja sinia kwa sababu ndilo litakalokibeba. Meza yangu ni moja: mchana natengenezea simu za watu, usiku najengea vifaru, na kazi hizo mbili hazitakiwi kukutana.

Nimeshajenga Tiger mbili za Wajerumani na Sherman moja ya Wamarekani. Mgeni akiviona huuliza kama ni vya Hitler, kisha anaendelea na chai yake. Hakuna aliyewahi kuniuliza vyetu viko wapi, na mimi sikujiuliza, mpaka mwaka jana msibani. Nilikuwa nimekaa mkekani na baba mdogo. Mtu akamwomba asogeze sufuria, akalisukuma kwa mkono wa kulia, akasema kama anayejitetea kwamba la kushoto ni bega la mzinga wa milimita 100. Kwamba alikwenda Vita vya Kagera nilijua tangu utotoni. Kwamba alikuwa ndani ya kifaru, tena mpakiaji, yaani anayetia risasi mzingani, nilikuwa sijui.

Novemba 12

Nimehesabu vipande na kuviosha kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani. Kimoja kimepinda. Maji ya moto, kimenyooka.

Novemba 16

Kabla sijagusa gundi nimekaa na swali moja: hiki ni kifaru cha siku gani? Wengi hujenga kwanza, wakafikiria tarehe wakati wa rangi, na ndiyo maana unakuta kifaru kina vumbi la kiangazi juu na matope ya masika chini, kutu ya miaka 20 ubavuni, na dereva amevaa koti la baridi.

Vita vyetu vina kalenda nzuri kwa fundi. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, wakalilipua daraja la Kyaka. JWTZ, jeshi la Tanzania, ikavuka mto, ikaichukua Mutukula Januari 1979, Masaka Februari 24, ikapigana Lukaya Machi 10 na 11, na Aprili 11 Kampala ikawa imekamatwa. Kwa hiyo kifaru kilichoanza safari kwenye vumbi kiliimaliza kwenye mvua. Nimechagua mwisho wa Machi, barabara ya kutoka Lukaya kwenda Mpigi, kinamasi pande zote mbili. Vumbi la zamani limeganda juu, matope mapya yako chini, na hakuna pa kuchepuka.

Tarehe hiyo itaamua kila kitu kuanzia leo.

Novemba 23

Magurudumu. Matano kila upande, na kuna pengo kati ya la kwanza na la pili. Hiyo ndiyo sura ya ukoo mzima wa T-54, unaitambua hata kwenye picha iliyopigwa usiku. Gurudumu la meno liko nyuma, la kukazia mnyororo liko mbele.

Boksi linataka uyagandishe magurudumu yote katika mstari mmoja ulionyooka. Nimekataa. Kifaru cha tani 36 kikiwa barabarani kinaweka gurudumu moja kwenye shimo na jingine juu ya jiwe. Nimezikata mikono ya springi mbili za kushoto na kuzigandisha upya, moja ikishuka milimita moja, nyingine ikipanda nusu. Ukitazama haraka huoni kitu, ila kifaru kinaonekana kina uzito.

Nimempigia simu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kidude umekifikisha wapi?"

Nikamweleza habari za magurudumu. Akanyamaza kidogo, akauliza kama nimeweka mpira kwenye magurudumu. Nikasema mpira upo, umechongwa pamoja na gurudumu. "Uukatekate," akasema. "Ulikuwa unameguka vipande."

Nimeumegua kwa ncha ya wembe, magurudumu matatu tu kati ya kumi.

Desemba 1

Turreti, kile kichwa cha kifaru kinachozunguka na mzinga. Hapa nimetumia jioni nne, na sijutii.

Turreti ya Type 59 ni chuma cha kumimina kwenye kalibu, haijatengenezwa kwa bamba la kunyoosha. Ngozi yake ina mabonde na vipele kama chungu ambacho hakijasuguliwa. Ya kwenye boksi ni laini kama yai. Nimechukua puti ya bodi za magari, ile ya kijivu, nikailainisha kwa tone la tina, ile ya kuyeyushia rangi, mpaka ikawa kama uji mzito, nikaipaka nyembamba, halafu kabla haijakauka nikaigongagonga kwa mswaki wa zamani uliokatwa nywele. Si kupiga mswaki. Kugonga, wima, kama unachoma karanga kwa sindano. Ikikauka unapitisha msasa namba 600 kwa mkono mwepesi ili vipele virefu vikatike. Mara ya kwanza nilizidisha, turreti ikaonekana ina tetekuwanga. Nikaifuta yote kwa tina. Mara ya pili imekubali.

Paa la turreti lenyewe ni bamba lililochomelewa juu ya kile chuma cha kumimina, kwa hiyo pale lazima pabaki laini, na penye kiungo paonekane mstari wa kuchomelea. Mstari nimeutengeneza kwa uzi mwembamba wa puti uliobonyezwa kwa ncha ya sindano, tundu baada ya tundu. Kwa kioo cha kukuzia cha kwenye meza ya simu unaona kila tundu. Bila kioo unaona tu kwamba kuna fundi alipita pale.

Kuna kijana mmoja wa jirani aliyetazama akaniambia hiyo ni T-55. Nimemwonyesha kile kibakuli kidogo kilichofunikwa juu ya paa, mbele ya mfuniko wa mpakiaji. Ni kofia ya feni. T-54 inayo, Type 59 inayo, T-55 ilipokuja 1958 ikaondolewa. Tofauti nyingine ziko ndani, hazionekani: T-55 ina injini ya nguvu-farasi 580 dhidi ya 520, na inabeba risasi 43 za mzinga dhidi ya 34. Waganda, na Walibya waliokuja kuwasaidia, walikuwa na T-55. Ukikosea kofia ya feni umemweka baba mdogo kwenye gari la adui.

Desemba 8

Kishikio kimoja cha turreti kimeruka kutoka kwenye kibano na hakijaonekana tena. Nimepiga magoti na tochi nusu saa. Nimetengeneza kingine kwa waya wa shaba wa ndani ya chaja iliyokufa. Kwa kweli waya ni mwembamba na mzuri kuliko plastiki, hivyo nimeving'oa vyote vilivyobaki nikavifanya vya waya.

Desemba 14

Mifuniko nimeifunga yote. Boksi halina kitu ndani ya turreti: hakuna viti, hakuna kitako cha mzinga. Ukiacha mfuniko wazi mtu anachungulia na kuona utupu na sakafu ya plastiki nyeupe. Gundi, kibanio cha nguo, kesho yake hakuna wa kuufungua.

Desemba 27

Simu ndefu na baba mdogo, yeye ndiye aliyepiga. Nilimuuliza swali la kijinga, eti mlikuwa mnaona nini kule ndani. Akasema yeye alikuwa anaona risasi.

Nimeandika alivyoeleza, kwa sababu sijawahi kuona maelezo ya boksi yanayokwambia haya. Mpakiaji anakaa upande wa kulia wa mzinga. Mpiga mzinga yuko kushoto, kamanda nyuma yake. Ukiwa kulia kwa mzinga, mkono unaosukuma risasi iingie ni wa kushoto, upende usipende. Risasi moja ni kilo 30, kasha na kichwa vikiwa kitu kimoja. Na sakafu ya turreti haizunguki. Turreti ikigeuka, mzinga unageuka, viti vya wenzako vilivyoning'inia kwenye turreti vinageuka nao, wewe uliyesimama chini inabidi utembee kuufuata huku umekumbatia kilo 30, ukichunga mguu usibaki nyuma. "Ni kama kumfuata ng'ombe anayegeuka zizini," alisema, "ila ng'ombe anakuonea huruma."

Sijui nitaiweka wapi habari hii kwenye plastiki. Labda haina pa kuwekwa.

Januari 11

Minyororo. Vipande 90 upande mmoja, 90 upande mwingine. Kila kipande unakikata kwenye fremu sehemu nne, unasugua sehemu nne, unakiunga na mwenzake. Hesabu mwenyewe. Mwalimu Nyerere alipotangaza vita alisema uwezo tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Mimi sababu ninayo, nia ninayo, uwezo ndio kwanza unatafutwa.

Januari 19

Upande wa kwanza umekamilika. Type 59 haina vigurudumu vya juu vya kubebea mnyororo, kwa hiyo mnyororo unalala juu ya magurudumu yenyewe. Unainuka kwenye gurudumu la meno, unaanguka, unalala kwenye magurudumu ya katikati, unainuka tena mbele. Umbo hilo likikosekana kifaru kinafanana na kiberiti. Nimepaka gundi nyembamba ya Tamiya kwenye viungo, nikasubiri dakika kama kumi na tano ilainike bila kukauka, nikauzungusha mnyororo mzima, nikaubana kwa vipande vya sponji vilivyosukumwa kati ya mnyororo na madigadi. Asubuhi nikatoa sponji. Umelala vizuri kabisa.

Januari 26

Upande wa pili. Umelala vizuri pia. Sina la kusema zaidi, vidole vinauma.

Februari 2

Nyavu za injini. Za boksi ni plastiki nene isiyo na matundu. Nimenunua wavu wa shaba uliokatwa kwa asidi na kuuunga kwa risasi ya kuchomelea, na hapa kwa mara ya kwanza ufundi simu umenilipa: mwenye mkono uliozoea kuchomelea kidude cha chaji hatishwi na wavu wa sentimita mbili. Joto dogo, fluksi nyingi, gusa na ondoka.

Mapipa ya mafuta ya nyuma, yale mawili ya lita 200, nimeyaacha. Baba mdogo anasema wakikaribia mapigano walikuwa wanayaangusha. Vishikio vyake nimeviweka vitupu, kimoja kimepinda. Gogo la kujikwamulia limebaki, na kwa barabara ya kinamasi lingekuwa wazimu kuliondoa. Ni kijiti cha muarobaini cha uani, chenye gome lake.

Februari 15

Praima ya kijivu imeingia vizuri. Rangi imeingia nusu. Nilichanganya XF-61 ya Tamiya, ile kijani iliyokolea, na XF-60 ya njano kiasi cha sehemu moja kwa nne, kwa sababu kitu kidogo ukikipaka rangi ileile ya kikubwa kinaonekana cheusi kuliko kinavyopaswa. Nikaanza na sehemu za chini. Nilipofika ubavu wa kulia umeme ukakatika, kompresa ikanyamaza, rangi ikakaukia kwenye mdomo wa bunduki ya rangi. Umerudi saa sita usiku. Nimeshinda na tina na sindano.

Februari 16

Ubavu wa kulia umemalizika. Kiungo cha jana na leo hakionekani, au nimeamua kutokukiona.

Februari 22

Stika za boksi zina nyota nyekundu za jeshi la China na namba nyeupe kubwa. Zote zimebaki kwenye karatasi yake. Namba ya kubuni sitaki kuiweka pia. Kifaru cha kijani kitupu kinatosha.

Machi 1

Nimepaka vumbi na kutu, nikapiga picha, nikamtumia baba mdogo kwa WhatsApp nikisubiri sifa. Jibu lilikuja kwa sauti:

"Mwanangu, hiki umekiokota wapi? Mbona kimeoza? Kifaru kinachotembea hakioti kutu. Kutu inakuja ukikiacha."

Nikaisikiliza mara tatu. Ana haki. Nilikuwa nimefanya kama tunavyofanya sote: michirizi ya kahawia chini ya kila bolti, minyororo ya rangi ya matofali. Uzuri wa picha umetuharibia macho. Kile kifaru kilikuwa kimetembea tangu Januari. Mnyororo wa chuma kwa chuma, kila siku barabarani, unasuguliwa na changarawe mpaka sehemu zinazogusa ardhi zinang'aa kama sarafu. Meno ya gurudumu la nyuma yanang'aa. Kutu inapata nafasi kwenye mashimo ya ndani ya vipande tu, nayo imefunikwa na tope.

Nimeosha kutu yote kwa spiriti na vijiti vya pamba. Usiku mzima. Sehemu za minyororo zinazogusa ardhi nimezisugulia unga wa penseli ya 6B kwa ncha ya kidole. Unga wa penseli unang'aa kichuma, haung'ai kifedha.

Machi 15

Udongo. Binamu anayeendesha lori la Mutukula ameniletea chupa ya maji iliyojaa udongo wa kandokando ya barabara, Kyaka. Mwekundu, unatia doa mpaka kucha. Nilidhani kazi imekwisha: nyunyiza, gandisha. Wapi! Punje ya mchanga ya nusu milimita kwenye skeli ya 1/35 ni kokoto ya karibu sentimita mbili. Kifaru kilionekana kimemwagiwa karanga.

Nimeutwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu (nimekinunulia mbadala jikoni, kesi imefungwa), nikauchuja kwa chujio la chai, halafu kwa soksi ya nailoni. Kilichobaki ni unga kama poda ya mtoto. Kikombe cha udongo kimetoa vijiko viwili. Kisha tatizo la pili: ukilowa na gundi unakuwa mweusi sana, kama damu iliyoganda. Nimeuchanganya na poda ya mtoto ya kweli, sehemu moja kwa tatu, ndipo ukarudi kuwa ule wekundu unaouona barabarani.

Vumbi nimelipaka kavu kwa brashi laini, likakaa kwenye pembe, kuzunguka bolti, na nyuma ya kofia ya feni ambako hakuna mguu unaofika. Pale wanapopanda watu nimelifuta. Njia ya kupanda nimemuuliza mwenyewe: mguu kwenye gurudumu la kwanza, mkono kwenye madigadi, goti, halafu kishikio cha turreti. Kwa hiyo kile kishikio cha waya wa chaja sasa kimechubuka mpaka shaba yake inachungulia, na imekaa kama chuma kilichoshikwa sana. Sikupanga hivyo.

Aprili 5

Maafa. Mvua imenyesha siku tatu, hewa ni nzito, na mimi kwa haraka zangu nikapulizia vanishi isiyong'aa. Kwa dakika mbili ilikuwa safi, kisha ukungu mweupe ukaanza kupanda kuanzia nyuma kwenda mbele, kama kioo cha gari asubuhi. Ni unyevu uliokamatwa ndani ya vanishi ikikauka. Kila mchora magari wa pwani anaujua, hata mimi naujua, na bado nimefanya.

Aprili 7

Leo jua limetoka saa nne. Nimepulizia tina tupu, nyembamba, kwa mbali, vanishi ikalainika ikatoa unyevu wake. Ukungu umeondoka asilimia kama tisini. Uliobaki uko kwenye madigadi ya nyuma, na nimeamua kwamba hapo ndipo matope yatakuwa mengi.

Aprili 13

Matope. Udongo uleule, gundi nyeupe ya mbao, tone la maji. Tabaka la kwanza limekauka na kupauka: hilo ni la wiki iliyopita. La pili nimelirusha kutoka kwenye brashi kwa kuikwaruza na kijiti cha meno, likatua kwa kadiri lilivyotaka. La tatu ni la leo asubuhi ya mwisho wa Machi 1979, nalo nimeliongezea vanishi inayong'aa ili libaki na umajimaji. Liko kwenye minyororo na chini ya madigadi tu, halipandi juu. Turreti haina tope hata tone.

Aprili 20

Baba mdogo amekuja mjini kwa ajili ya kliniki ya bega. Nilimwekea kifaru mezani kwenye sinia lake, simu za wateja nimezisogeza pembeni. Akavaa miwani. Hakukigusa kwanza. Alizunguka meza, akainama upande wa kulia, akatazama magurudumu niliyoyamegua mpira, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akautazama mnyororo muda mrefu.

Kisha akanyoosha kidole, akakiweka juu ya mfuniko wa mpakiaji, nyuma ya kofia ya feni.

"Huu umeufunga."

Nikaanza kumweleza habari za boksi lisilo na kitu ndani, utupu, plastiki nyeupe. Akaniacha nimalize.

"Huu hatukuwa tunaufunga tukiwa barabarani," akasema. "Moshi. Ukipiga tatu, ndani huwezi kuvuta pumzi. Nilikuwa natoa kichwa hapa." Akakiacha kidole palepale.

Amelala saa tatu. Kabla ya hapo, kwa mkono wa kulia, alininyanyulia mto wa kiti niupate wembe uliodondoka. Nimepitisha wembe mpya kwenye mstari wa mfuniko mara kama arobaini, kidogokidogo, nikipuliza vumbi la plastiki. Gundi ya Desemba haitoki kirahisi. Saa tano na nusu ukafunguka, na kipande cha rangi chenye ukubwa wa punje ya mchele kimeondoka nao. Ndani nimepaka nyeusi.